Mchai Uliopogolewa: Chama Kikishindwa Uchaguzi Kifanye Nini?

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tulifundishwa tangu shule ya msingi. Tuliiandika katika insha, tukaitungia sentensi, tukapewa alama. Hata hivyo, sikumbuki mwalimu yeyote aliyetuuliza swali linalofuata: akishakubali kushindwa, mshindani huyo afanye nini kesho yake asubuhi? Makala haya yanakusudia kulijadili swali hilo kwa kukitazama chama kimoja cha siasa nchini Kenya, yaani KANU. Chama hiki kilishindwa katika uchaguzi mkuu wa tarehe 27 Desemba 2002 baada ya kuitawala nchi tangu uhuru, na hadi leo hakijasimama tena wima.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi mapema ili msomaji aipime anavyoendelea kusoma. Chama kilichoshindwa hujengwa upya na wale wanaokubali kukaa nacho katika msimu wa njaa, kwenye tawi, mbali na meza ya serikali. KANU haikukaa. Kila ilipoanza kuchipua, viongozi wake waliyachuma machipukizi kabla hayajakomaa.

Funzo la mashambani

Mimi ni mzaliwa wa Mulot, mji mdogo ulio kando ya mto Amala, mahali ambapo Bomet inapakana na Narok. Kwetu ni nchi ya mahindi na mifugo zaidi kuliko chai. Lakini ukipanda barabara kuelekea Bomet mjini na kuendelea hadi Kericho, unaingia katika bahari ya kijani ambayo kila mwanafunzi wa Kenya ameiona angalau katika vitabu vya jiografia. Marehemu babu yangu aliutumia ujana wake huko, akifanya kazi ya kupogoa michai, kabla ya kurejea Mulot kulima kipande chake cha ardhi. Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa msikilizaji mwaminifu wa redio na mtu wa maneno machache.

Alitueleza sisi wajukuu kwamba mchai hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne. Usipopogolewa hurefuka, mikono ya wachumaji ikashindwa kuyafikia majani, na mavuno yakapungua. Siku ya kupogoa, shamba huonekana kama limepitiwa na nzige. Yanabaki mashina makavu yaliyokatwa yakiwa mafupi kuliko goti. Matawi yaliyokatwa hayatupwi, bali huachwa palepale chini ya shina ili yaoze na kuulisha udongo. Kisha mkulima husubiri. Kwa takriban miezi mitatu hapati jani hata moja la kupeleka kwenye kituo cha kununulia, na ada ya shule haimsubiri. Hapo ndipo majaribu yanapoanza. Machipukizi yakitokeza, mwenye njaa huyachuma yakiwa bado machanga. Hupata kikapu kimoja leo, lakini kichaka chake hakitandazi tena meza nzuri ya kuchumia, na hasara hiyo humfuata kwa miaka.

Babu alikuwa akizungumzia chai tu. Ni mimi ninayeyahamisha maneno yake hadi kwenye siasa, na lawama ya uhamisho huo ni yangu.

Jogoo baada ya kunyolewa

Tuanze na hesabu. Mwaka 2002 mgombea wa NARC, Mwai Kibaki, alipata takriban asilimia 62 ya kura za urais. Uhuru Kenyatta, mgombea wa KANU aliyeteuliwa na Rais Daniel arap Moi, alipata takriban asilimia 31. Katika bunge lililokuwa na viti 210 vya kuchaguliwa, NARC ilijinyakulia 125 nayo KANU ikabaki na 64. Kwa chama kilichozoea kutawala peke yake, hayo yalikuwa maafa. Lakini tuyatazame tena makadirio hayo kwa jicho la mkulima. Karibu theluthi moja ya wapiga kura, wabunge 64, uongozi rasmi wa upinzani bungeni, jina linalojulikana kila kijiji, na alama ya jogoo ambayo hata asiyejua kusoma aliitambua! Ni vyama vingapi barani Afrika vilivyopewa shina nene kiasi hicho baada ya kukatwa?

Tena kushindwa kwenyewe kulikuwa na sababu zilizojulikana. Machi 2002 KANU iliungana na chama cha NDP cha Raila Odinga katika mkutano wa Kasarani. Miezi michache baadaye, Moi alipompendekeza Uhuru kuwa mrithi wake, vigogo kama Raila, George Saitoti, Kalonzo Musyoka na Joseph Kamotho walikihama chama, na Oktoba mwaka huohuo wakajiunga na wapinzani. Chama hakikushindwa kwa kukosa wafuasi tu. Kilishindwa kwa sababu wajumbe wake waliitwa kuidhinisha uamuzi uliokwisha kufanywa.

Huo haukuwa ugonjwa wa mwaka mmoja. Kwa miaka mingi tawi la KANU lilikuwa mkono wa utawala. Baada ya katiba kurekebishwa mwaka 1982 na Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, machifu na wakuu wa wilaya walihimiza uuzaji wa kadi za chama. Katika uteuzi wa mwaka 1988 wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea au mawakala wao, na ikatokea mahali kwingi kwamba mlolongo mfupi ndio uliotangazwa mshindi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, lakini tawi halikufundishwa upya kazi yake. Lilikuwa limezoea kuitwa na chifu. Serikali ilipoondoka mwaka 2002, chifu aliondoka nayo. Nani sasa angeita mkutano? Nani angetunza daftari la wanachama? Kazi ya kwanza ya ujenzi mpya ilikuwa kulijibu swali hilo dogo, na kwa maoni yangu ndilo ambalo halikujibiwa.

Machipukizi yaliyochumwa mapema

Badala ya kusubiri, chama kilichuma. Nitataja nyakati tatu.

Wakati wa kwanza ni Juni 2004. Rais Kibaki, akiwa na mgogoro ndani ya NARC, aliunda alichokiita serikali ya umoja wa kitaifa na kuwaingiza katika baraza la mawaziri wabunge wa upinzani. Miongoni mwao walikuwa wanachama wa KANU, John Koech wa Chepalungu, jirani zetu kabisa, na Njenga Karume wa Kiambaa. Haukuwa umepita hata mwaka mmoja na nusu tangu chama kiapishwe kuwa mlinzi wa serikali, na tayari baadhi ya walinzi walikuwa wamekaribishwa sebuleni.

Wakati wa pili ulianza kwa furaha. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba. KANU, ikishirikiana na kundi lililoasi ndani ya NARC, ilikuwa upande wa chungwa, upande wa kukataa, nao ukashinda kwa zaidi ya asilimia 57. Hapa shina lilikuwa limechipua kwa kweli. Januari mwaka huohuo Uhuru Kenyatta alikuwa amemshinda Nicholas Biwott katika uchaguzi wa mwenyekiti wa chama, uchaguzi wenye ushindani ambao KANU haikuwa imeuzoea. Lau chama kingetulia na kuupeleka ushindani huo chini hadi matawini, huenda hadithi ingekuwa nyingine. Badala yake palizuka mzozo wa nani mwenye chama, ukafikishwa kwa msajili na mahakamani katika miaka ya 2006 na 2007. Wakati huohuo vuguvugu la chungwa lilikuwa likigeuka kuwa chama kipya, na wanasiasa wa Bonde la Ufa, William Ruto akiwa mstari wa mbele, wakahamia huko.

Wakati wa tatu ni Septemba 2007. Kiongozi rasmi wa upinzani alitangaza kwamba hatagombea urais, na kwamba chama chake kitamuunga mkono rais aliye madarakani. Msomaji na alipime jambo hilo taratibu. Chama kilichopewa na theluthi ya nchi kazi ya kuikosoa serikali kilimaliza muhula wake kwa kuipigia serikali hiyohiyo debe.

Mavuno yalionekana Desemba ya mwaka huo. Kutoka viti 64, KANU ilirudi bungeni na viti visivyozidi 15. Katika Bonde la Ufa, lililokuwa ngome yake, ODM ilizoa. Watoto watatu wa Rais mstaafu Moi, Gideon, Raymond na Jonathan, walishindwa wote katika maeneo yao, na Biwott naye akaanguka Keiyo Kusini. Kwetu Bomet, Nick Salat aliyekuwa ameingia bungeni kwa tiketi ya KANU mwaka 2002 alishindwa na Kipkalya Kones wa ODM. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alishinda urais kwa chama kingine kabisa, TNA, akishirikiana na Ruto wa URP, ilhali KANU iliambulia wabunge wachache mno. Mwaka 2022 Gideon Moi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama, alipoteza kiti chake cha useneta wa Baringo kwa mgombea wa UDA. Mwaka 2025 kiti hicho kilipobaki wazi na uchaguzi mdogo ukaitishwa, alijitosa ulingoni, kisha mwezi Oktoba, baada ya kukutana na Rais Ruto, akajiondoa. Miaka 18 imepita kati ya Septemba 2007 na Oktoba 2025, na mkono uliochuma ni uleule.

Pingamizi la mtu wa kwetu

Najua mzee yeyote wa Mulot akinisikia atanijibu: “Mwanangu, njaa haina upinzani. Ukikaa nje ya serikali barabara yako haitengenezwi.” Pingamizi hili si la kubezwa. Kwa miaka mingi lilikuwa la kweli. Mbunge aliyekosana na mwenye nchi aliwaponza watu wake, na maeneo yaliyopiga kura vibaya yalilipia kosa hilo kwa barabara, kwa vyeo na kwa mikopo. Hata kabla ya utawala wa Moi, mwaka 1964, chama cha KADU ambacho kilikuwa na nguvu miongoni mwa jamii za Bonde la Ufa kilijivunja na kujiunga na KANU baada ya kushindwa katika uchaguzi wa 1963. Moi mwenyewe alikuwa miongoni mwa viongozi wa KADU waliovuka. Basi somo la kwanza la siasa alilolipata mpiga kura wa kwetu ni kwamba aliyeshindwa huhama nyumba, na kwamba anayehama huweza hata kuirithi nyumba aliyohamia.

Lakini somo hilo limepitwa na wakati. Tangu mwaka 2003 kila eneo bunge hupata fedha za hazina ya maendeleo bila kujali chama cha mbunge wake. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuagiza zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa mujibu wa kanuni iliyopitishwa na bunge. Gavana wa upinzani hahitaji kupiga magoti ili kaunti yake ipate mgao. Sisemi kwamba upendeleo umekwisha. Nasema kwamba njaa ya kukaa nje ya serikali leo si ile ya mwaka 1964 wala ya 1988. Mwanasiasa anayevuka leo kwa kisingizio cha barabara zetu aulizwe kwa upole: ni barabara ipi hiyo, na ni kiti kipi hicho?

Tena kuna upande wa pili wa hesabu ambao wazee wetu hawautaji. Tangu 2007 Bonde la Ufa limekuwa na chama kipya karibu kila uchaguzi: ODM mwaka 2007, URP mwaka 2013, Jubilee mwaka 2017, UDA mwaka 2022. URP haikuishi hata kuuona uchaguzi wake wa pili, maana ilivunjwa mwaka 2016 ili Jubilee izaliwe. Kila mara tunapiga kura kwa wingi wa kutisha, na kila mara chombo tulichokipigia kura hakipo tena tunapotaka kukidai ahadi. Unaidai vipi ahadi iliyotolewa na chama kilichokufa? Hata pale kwetu Bomet tulipojaribu kuwa na chama chetu, yaani Chama Cha Mashinani kilichoanzishwa na gavana wetu wa kwanza, Isaac Ruto, mwaka 2016, njia ilikuwa ileile. Alishindwa na Joyce Laboso wa Jubilee mwaka 2017, na kufikia 2022 chama kilikuwa ndani ya muungano wa Kenya Kwanza, lakini yeye akashindwa tena, mara hii na Hillary Barchok wa UDA. Jina lilikuwa la mashinani. Mazungumzo yalikuwa ya juu.

Vijana wa rika langu wamelipa gharama ya mazoea haya. Mnamo Juni 2024, wakati wa maandamano ya kuupinga Mswada wa Fedha, walijigamba kwamba hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Wengi walilisikia hilo kama wimbo wa ushujaa, na ushujaa kweli ulikuwapo, na wengine walilipa kwa damu. Lakini mimi nililisikia pia kama taarifa ya msiba. Kizazi kizima kilitazama kila chama kilichosajiliwa nchini, kisione hata kimoja kinachostahili kuingiwa.

Wajumbe wasiosikilizwa

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mfano wetu. Katika Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1951, mshtakiwa Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi. Kila mmoja alirejea na maarifa ambayo yangeiponya nchi, na kila mmoja alilipwa kwa adhabu. Tumezoea kuisoma kazi hiyo kama tahakiki ya ukoloni au ya udhalimu kwa jumla. Nadhani inaweza pia kusomwa kama maelezo ya namna taasisi inavyokufa. Kusadikika haikukosa habari. Ilikuwa na habari nyingi, ikawafunga walizozileta.

Neno wajumbe lina maana mbili kwetu. Ni watu waliotumwa kuleta habari, na ni wanachama wanaowakilisha matawi katika mkutano mkuu wa chama. KANU ilikuwa na wajumbe wa maana ya pili kwa maelfu pale Kasarani. Ilichokosa ni kuwaruhusu wawe wajumbe wa maana ya kwanza. Chama kinachotaka kufufuka budi kizirudishe maana hizi mbili katika neno moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kubadilisha rangi, kauli mbiu au mwenyekiti, ni kuzuru matawi na kuuliza: kwa nini mlituacha? Majibu yaandikwe. Yachapishwe yakiwa machungu hivyohivyo, kama yale matawi ya chai yanayoachwa chini ya shina yaoze. Aibu iliyofichwa huozea ndani ya chama. Iliyotolewa hadharani huwa mbolea. Na yaandikwe kwa Kiswahili! Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini kwa kawaida ilani za vyama vyetu hufikiriwa na kuandikwa kwa Kiingereza kwanza, kisha mkutanoni hutafsiriwa papo hapo na msemaji mwenye haraka. Mwanachama wa Mulot anayeuza mbuzi sokoni hawezi kukirekebisha chama ambacho hawezi kukisoma. Ndugu wanafunzi wa isimu na tafsiri, hapo pana kazi yetu, wala hatuhitaji kugombea kiti chochote ili tuifanye.

Kazi ya pili ni uchaguzi wa ndani unaoanzia chini. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 inadai chama kiwe na wanachama na ofisi katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Ofisi yenye kufuli si tawi. Tawi ni watu wanaokutana bila kuitwa na mgombea, wanaolipa ada hata iwe ndogo, na wanaoweza kumkataa mtu aliyeletwa kutoka Nairobi kwa helikopta.

Kazi ya tatu, ambayo ndiyo ngumu zaidi, ni kiapo cha kukaa. Chama kiamue katika mkutano wake mkuu, mara tu baada ya kushindwa, kwamba kwa muhula mmoja mzima hakuna kiongozi wake atakayepokea uwaziri wala kujivua ugombea kwa ajili ya aliye madarakani, na kwamba anayetaka kufanya hivyo ajiuzulu kwanza. Muhula mmoja ndio miezi mitatu ya mchai.

Je, yawezekana? Tutazame kusini. Malawi Congress Party, chama cha Kamuzu Banda, kilishindwa mwaka 1994 baada ya kutawala miaka 30, na rekodi yake ya ukandamizaji haikuwa nyepesi kuliko ya KANU. Kilishindwa tena na tena, hata nchi ikaanza kukihesabu kuwa chama cha wazee wa mkoa wa kati. Hakikuwa kitakatifu, kiliingia miungano na kiligombana ndani kwa ndani. Lakini kilibaki na jina lake, na kiliendelea kusimamisha wagombea katika ngome yake. Mwaka 2013 mkutano wake mkuu ulimchagua kiongozi aliyetoka nje ya kundi la wakongwe, Lazarus Chakwera, mchungaji wa kanisa. Juni 2020, baada ya mahakama kufuta uchaguzi wa mwaka uliotangulia, aliushinda urais akiongoza muungano ambao chama chake kilikuwa nguzo yake. Miaka 26! Na aliposhindwa Septemba 2025, alikubali matokeo. Upande wa pili tuna UNIP ya Zambia, iliyoshindwa mwaka 1991 na kusinyaa hadi ikabaki jina katika vitabu vya historia. Kushindwa kwa namna moja hakukuleta mwisho wa namna moja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Msomaji anaweza kuuliza: jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina shughuli gani na jogoo wa KANU? Nami nina ungamo la kutoa. Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza niligombea ukatibu wa chama cha Kiswahili katika chuo nilichosomea. Nikashindwa kwa kura chache. Nilimpa mkono mwenzangu, nikatabasamu mbele ya kamera, nikaitaja hata ile methali ya mshindani. Kisha nikatoweka. Mwaka mzima sikuhudhuria mkutano hata mmoja, na nikawashawishi marafiki zangu watano wasihudhurie. Nilikuwa na mpango mzuri wa mashindano ya ushairi kwa shule za sekondari za jirani. Niliufungia katika daftari langu, kana kwamba wanafunzi wale wa sekondari ndio walioninyima kura. Mpango huo haukutekelezwa na yeyote. Kwa hiyo ninapoilaumu KANU kwa kutokaa, siilaumu kutoka mlimani. Najua jinsi kiti cha mkutanoni kinavyochoma anapokikalia aliyeshindwa.

Lakini hapo ndipo vyama hujengwa, vikubwa kwa vidogo. Hatuwezi kutarajia nchi yenye vyama vinavyostahimili kushindwa ikiwa vijana wake hawakujifunza stahamala hiyo katika vyama vya chuoni, vya ushirika na vya kanisani. Mshindi hahitaji kufundishwa kuhudhuria mkutano. Anayehitaji kufundishwa ni aliyeshindwa, na mafunzo hayo hayamo katika silabasi yoyote niliyoiona.

KANU bado imesajiliwa, na bado wapo wanaoamini kwamba jogoo atawika tena. Sina chuki na imani yao, ingawa kura yangu haiendi huko. Ninawaomba jambo moja, wao na wote watakaoshindwa mwaka 2027, maana lazima kutakuwa na watakaoshindwa: siku ya pili baada ya matokeo, msiende Nairobi. Nendeni kwenye tawi. Fungueni ofisi, fagieni, andikeni majina ya waliokuja, hata wakiwa watatu. Nasi katika chama chetu cha Kiswahili tutakuwa na uchaguzi wetu kama kila mwaka. Nitakuwapo, na safari hii nitawatazama zaidi watakaoshindwa, nione ni nani miongoni mwao atakayekuja katika mkutano unaofuata na daftari mkononi.